Binti wa Bukavu Kwenye Tatami ya Rio: Somo la Kuanguka kwa Wanachuo

Ukifungua matokeo ya judo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016, upande wa wanawake kilo 70, jina la Yolande Bukasa Mabika utalikuta mara moja tu. Raundi ya kwanza, tarehe 10 Agosti, dhidi ya Linda Bolder wa Israel. Kapoteza. Pambano lililopangiwa dakika nne lilikwisha baada ya kama dakika moja hivi. Hakupata medali, hakuona raundi ya pili, na Olimpiki iliyofuata ya Tokyo hakuitwa.

Sasa mwanachuo mwenzangu atauliza: mtu wa namna hiyo tunamsoma wa nini? Kule hostel stori zetu ni za mabingwa. Aliyeshindwa raundi ya kwanza tunamsahau kabla chai haijapoa. Makala hii inajaribu kujibu swali hilo. Na kwa kuwa mwandishi ni mtu wa Mkuyuni, kule barabara ya Matombo chini ya milima ya Uluguru, usishangae tukishuka njiani mara mbili tatu kuangalia mambo ya kwetu.

1. Kwanza tujue judo yenyewe

Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, kijana wa miaka 21 aliyekuwa ametoka chuo kikuu juzijuzi tu. Alianza na wanafunzi wachache kwenye hekalu moja, wakiwa na mikeka 12. Shule yake aliiita Kodokan, na ipo mpaka leo. Kano hakuwa mtu wa mwili mkubwa. Alichukua mbinu za jujutsu, mapigano ya zamani ya Wajapani, akaacha zile za kuvunja watu wakati wa mazoezi, akabakiza zile ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa nguvu zake zote bila kumuua mwenzake. Akaweka na misingi miwili: tumia nguvu zako pale zinapofaa zaidi, na wewe na mwenzako mfaidike pamoja.

Kushinda kwa judo si kazi ya ngumi wala mateke. Ukimrusha mwenzako akaanguka chali kwa nguvu, kwa kasi na ukiwa umemdhibiti, hiyo inaitwa iponi, na mchezo umeisha palepale. Ukimbana chini chali kwa sekunde 20, ni iponi. Ukimkaba au ukimkaza mkono mpaka akagonga mkeka kuashiria amekubali, ni iponi vilevile. Ndiyo maana pambano linaweza kuisha kwa sekunde kumi hata kama umefanya mazoezi miaka kumi.

Somo la kwanza la kila mwanafunzi wa judo duniani si kurusha. Ni kuanguka. Linaitwa ukemi. Unafundishwa kukunja kidevu ili kisogo kisigonge chini, kupiga mkeka kwa mkono mzima ili mshindo utawanyike, na kubiringika ili mwili upokee kidogo kidogo badala ya kupokea kwa mpigo. Wiki nzima, pengine zaidi, mgeni anaanguka tu. Anayekataa kujifunza kuanguka haruhusiwi kurushwa, na asiyerushwa hawezi kujifunza.

2. Wanawake waliingia kwa mlango wa nyuma

Judo ya wanaume iliingia Olimpiki mwaka 1964, Tokyo. Wanawake walisubiri. Mwaka 1988 kule Seoul waliruhusiwa kwa maonyesho tu, na medali zao zikahesabiwa rasmi kuanzia Barcelona mwaka 1992. Piga hesabu mwenyewe: ni miaka 28.

Katikati hapo kuna habari ya Rusty Kanokogi, mwanamke wa New York. Mwaka 1959 alishiriki mashindano ya YMCA kule Utica akiwa amejifanya mwanaume, akashinda pambano lake, timu yake ikashinda. Mwandaaji alipomuuliza kama yeye ni mwanamke akakubali, na medali akairudisha. Hakukaa chini kulia. Mwaka 1980 ndiye aliyesimamia kufanyika kwa mashindano ya kwanza ya dunia ya judo ya wanawake, palepale New York, ukumbi wa Madison Square Garden. Kila msichana anayepanda tatami leo, akiwemo Yolande, amepita kwenye mlango ambao mama huyu aliusukuma.

3. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa

Yolande alizaliwa Bukavu mwaka 1987. Bukavu ni mji wa Kivu Kusini, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, na ukishuka pale leo utanunua na kuuza kwa Kiswahili bila mkalimani. Ni watu wa lugha yetu kabisa.

Vita vya Kongo vilimkuta akiwa mtoto. Vya kwanza ni vya 1996 hadi 1997, vya pili vikaanza 1998 na kudumu mpaka 2003. Alitengana na wazazi wake. Anachokumbuka, kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, ni kidogo: alikuwa anakimbia peke yake, kisha helikopta ikambeba kumpeleka Kinshasa. Fikiria umbali huo. Kutoka mashariki kabisa ya nchi hadi magharibi kabisa, kutoka mji wa Kiswahili hadi mji wa Kilingala, bila mtu hata mmoja wa ukoo wake.

Hapa Mluguru anaelewa haraka. Kwetu ukoo unafuata mama. Mtoto ukimuuliza ni wa nani, jibu linapita kwa mama yake, kwa bibi mzaa mama, kwa mjomba. Shamba la ukoo nalo mara nyingi linapita njia hiyohiyo. Sasa mtoto anayepotezana na mama yake vitani amepoteza mzazi, na pamoja naye amepoteza ile kamba nzima ya kujitambulisha.

Kule Kinshasa alilelewa kwenye kituo cha watoto waliopotezana na familia zao, na huko ndiko alikokutana na judo. Serikali ya Kongo na wadau wengine walikuwa wanautumia mchezo huu kuwapa watoto hao kitu cha kushika. Yeye mwenyewe amewahi kueleza kwamba judo haikumpa pesa, ila ilimpa moyo wenye nguvu, maana alikuwa analia sana kwa kukosa familia. Akakua, akawa mchezaji wa mashindano, akaivaa jezi ya taifa lake.

4. Pasipoti mkononi mwa mtu mwingine

Agosti 2013, mashindano ya dunia ya judo yalifanyika Rio de Janeiro. Yolande alikwenda na timu ya Kongo, pamoja na mwenzake Popole Misenga, naye mzaliwa wa Bukavu na naye mtoto wa vita.

Kwa maelezo yao, walipofika walikaa bila pasipoti na bila pesa, na chakula kilikuwa cha shida. Hati zilikuwa kwa kiongozi wa msafara. Yolande ameeleza pia kwamba nyumbani, mchezaji aliyepoteza mashindano alikuwa anafungiwa ndani kama adhabu. Safari hii alichoka. Akatoka hotelini, akaingia mitaani kwenye mji asioujua lugha yake, akitafuta mtu wa kumsaidia. Popole naye akabaki. Wakaomba hifadhi, na mwaka 2014 Brazili ikawatambua kuwa wakimbizi.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo somo linapotuhusu moja kwa moja. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina orodha ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa. Kimojawapo ni kushikilia hati za utambulisho za mtu. Kingine ni kumtenga na watu wengine. Kingine ni kuzuia malipo yake. Ukivisoma vile viashiria huku unasoma habari ya Yolande, unaona kwamba jezi ya taifa na neno "nidhamu ya timu" vinaweza kuficha jambo ambalo kiwandani au majumbani tungeliita kwa jina lake.

Wengi wetu tukimaliza chuo tutatafuta kazi nje: Dubai, Muscat, Doha, au kwenye meli. Wengine wanaitwa na mawakala kabla hata ya mahafali. Kuna mtu atakwambia, "Nipe pasipoti nikutunzie, utaipoteza." Hati ina jina lako na picha yako. Mtu anayeihitaji kwa viza au usajili anaihitaji kwa muda, na anairudisha. Weka nakala kwa mtu wa nyumbani, na nyingine kwenye barua pepe yako. Namba ya ubalozi ikae kichwani, siyo kwenye simu tu, maana simu nayo inachukuliwa. Hili ni somo ambalo halimo kwenye kozi yoyote na lina mtihani mgumu kuliko zote.

5. Mwalimu mmoja, wanafunzi wa aina mbili

Maisha ya mwanzo ya Rio hayakuwa lelemama. Yolande alifanya vibarua vya kufagia, akafanya kazi kiwanda cha nguo, na kuna siku alilala nje. Baadaye akafika kwenye Instituto Reação, taasisi iliyoanzishwa na Flávio Canto, mshindi wa shaba ya judo Athens 2004, ili kufundisha vijana wa mitaa ya maskini. Kocha pale alikuwa Geraldo Bernardes, mzee aliyewahi kuwapeleka Wabrazili Olimpiki zaidi ya mara moja.

Kwenye taasisi hiyohiyo, chini ya kocha huyohuyo, alikulia Rafaela Silva, binti wa Cidade de Deus, mtaa wa Rio wenye sifa ya umaskini na risasi. Rafaela alikwenda London 2012 akaondolewa kwa kosa la kushika mguu wa mpinzani, mbinu iliyokuwa imepigwa marufuku. Akarudi nyumbani kukuta matusi ya ubaguzi wa rangi mtandaoni, akataka kuacha mchezo. Mwaka 2013 akawa bingwa wa dunia wa kilo 57, kwenye mashindano yaleyale ambayo Yolande alitoroka hotelini. Mwaka 2016 akachukua dhahabu ya Olimpiki, siku mbili kabla Yolande hajapanda tatami.

Tazama jambo hilo. Mabinti wawili wa kocha mmoja. Mmoja ameondoka na dhahabu, mwingine ametoka raundi ya kwanza. Ukiangalia matokeo tu utasema kocha amefaulu kwa mmoja na amefeli kwa mwingine. Lakini walianzia wapi? Rafaela aliingia akiwa mtoto mdogo, akapata miaka mingi ya mazoezi mfululizo, lugha yake na mtaa wake. Yolande alifika mtu mzima, akiwa na njaa, bila lugha, na mwili uliozoea kushindana kwa woga wa adhabu. Walimu wa elimu wanajua jambo hili vizuri: alama za mwisho peke yake hazikwambii mwanafunzi amesafiri umbali gani. Aliyetoka shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia akapata C, na aliyetoka shule yenye maabara tatu akapata B, nani amepanda mlima mrefu zaidi? Kwenye karatasi ni B. Na karatasi ina haki yake, kwa sababu medali haigawiwi kwa huruma. Ila wewe unayejitathmini usiku hostel unatakiwa kuwa na kipimo cha pili.

6. Agosti 2016

Tarehe 3 Juni 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia. Watu 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliokuwa wanaishi Kenya na kufanya mazoezi chini ya Tegla Loroupe, yule mama wa marathoni. Wawili waogeleaji wa Syria, mmoja mkimbiaji wa marathoni wa Ethiopia, na wawili wa judo: Popole na Yolande. Kwa hiyo kwenye timu ya watu 10, nane walitoka upande wetu huu wa Afrika Mashariki, Pembe na Kongo. Bendera ya Olimpiki ilibebwa na Rose Nathike Lokonyen, binti aliyekulia kambi ya Kakuma.

Kabla ya mashindano Yolande alisema matumaini yake yalikuwa pengine familia yake imuone kwenye runinga, wapate kukutana tena. Hebu weka hilo kwenye mizani. Wengine walipanda tatami wakitafuta dhahabu. Yeye alikuwa anatafuta mama.

Tarehe 10 Agosti Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa 2015. Yolande akakutana na Bolder. Bolder mwenyewe ni mzaliwa wa Uholanzi aliyehamia kuichezea Israel. Watu wawili wanaovaa bendera isiyo ya pale walipozaliwa: mmoja alibadili kwa makaratasi na mipango, mwingine kwa kutoroka. Dakika moja, iponi, kwisha. Uwanja wa Wabrazili ukampigia makofi.

Lakini mlango ulibaki wazi. Tokyo timu ya wakimbizi ilikuwa na watu 29, na wachezaji wa judo walikuwa sita, Popole akiwemo. Paris 2024 ilikuwa na 37, na Cindy Ngamba akaipatia medali ya kwanza, shaba ya ngumi. Kwenye judo alikuwepo Nigara Shaheen, binti wa Afghanistan. Kila mmoja wao alikuta njia imeshakanyagwa.

7. Tusidhani ni habari za mbali

Mtu wa Morogoro hana sababu ya kusoma habari ya wakimbizi kama hadithi ya watu wengine. Wanachuo wa SUA wanaosoma kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu, wanakaa kwenye majengo ya wakimbizi. Baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi mwaka 1976, vijana wa Afrika Kusini walikimbilia huku. Tanzania ikawapa wana ANC ardhi Mazimbu mwaka 1977, shamba la zamani la mkonge, wakajenga shule yao. Ikaanza 1978, na mwaka 1992 wakaikabidhi kwa Serikali yetu walipokuwa wanarudi kwao. Makaburi ya waliofia hapa yapo palepale. Na Kigoma, kambi ya Nyarugusu imepokea Wakongo tangu 1996, mwaka uleule vita vilipoanza kwao Yolande. Wapo watoto waliozaliwa mle na sasa ni watu wazima.

8. Na msichana wa Mkuyuni?

Turudi barabara ya Matombo. Msichana wa Mkuyuni anayeshusha mkungu wa ndizi kichwani kwenye njia ya mlima iliyolowa mvua tayari ana miguu na mizani ambayo kocha wa mjini angelipia. Anachokosa ni mwalimu, mkeka na mtu wa kumwambia kwamba mchezo huu upo. Wengi tumekulia kwenye mpira, netiboli na mbio, basi.

Judo Tanzania ipo. Zanzibar ilipandwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani na kufundisha vijana huko. Na Paris 2024 Mtanzania Andrew Thomas Mlugu alishindana kilo 73. Kwa upande wa wanawake kuna ngazi saba za uzito, kuanzia kilo 48 hadi zaidi ya 78, kwa hiyo mwembamba ana nafasi yake na mnene ana yake. Mkeka rasmi ni ghali, lakini sehemu nyingi duniani watu walianzia kwenye maranda ya mbao yaliyofunikwa turubai, na Morogoro maranda hayakosekani. Jambo lisilopunguzwa ni mwalimu aliyefuzu, kwa sababu kurushwa na mtu asiyejua ni kuvunjika shingo. Na habari ya Yolande inaongeza sharti lingine: mzazi amjue mwalimu huyo, mazoezi yafanyike mahali pa wazi, na binti awe na mtu wa nje ya klabu anayeweza kumweleza lolote bila kuogopa kutemwa kwenye timu. Serikali ya wanafunzi yenye wizara ya michezo inaweza kuanza na hilo la mwisho hata leo, kwa timu tulizonazo tayari. Halihitaji boom.

9. Tunajifunza nini?

Mwanachuo anajua kuanguka. Kuna kula sapu, kuna kudisko, kuna semista ambayo boom linachelewa mpaka unajificha mama ntilie. Wapo wenzetu ambao sapu moja imewavunja kabisa, wakaacha kuja darasani kwa aibu. Hawakufundishwa ukemi. Kukunja kidevu, kwa lugha ya chuo, ni kulinda kichwa kwanza: lala, kula, usifanye uamuzi mkubwa usiku ule wa matokeo. Kutawanya mshindo ni kumwambia rafiki, mshauri wa wanafunzi, dada au kaka wa nyumbani, ili uzito usitue mahali pamoja. Kubiringika ni kujiandikisha mtihani wa marudio kabla siku hazijapita.

Ila tusiishie kwenye kumsifu anayeanguka vizuri. Yolande hakuangushwa na Bolder tu. Kabla ya hapo aliangushwa na vita, na watu walioshika pasipoti yake. Kumfundisha mtu kuvumilia hayo bila kuuliza nani anamsukuma ni kumdanganya. Kule Rio 2013 hakuvumilia. Alifungua mlango akatoka. Hilo nalo ni sehemu ya kipaji chake.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Je, timu za chuo chetu zina utaratibu gani wa mchezaji kulalamika dhidi ya kocha? Nani anapokea malalamiko hayo?

2. Kati ya Yolande na Rafaela, nani amefanikiwa zaidi? Tetea jibu lako bila kutumia neno "medali".

3. Chukua viashiria viwili vya ILO vilivyotajwa hapa, uvitafutie mfano kwenye kazi za field au vibarua vya likizo.

4. Kama ungepewa shule moja ya sekondari Mkuyuni kuanzisha mchezo mpya kwa wasichana, ungeanza na nini wiki ya kwanza?

Majibu yaleteni kwenye mdahalo wa Ijumaa. Na wale wa Mazimbu, mkipita makaburini, someni majina.